Hesabu ya Harusi Ianze na Walaji

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza familia ya kipato cha kawaida ipange vipi bajeti ya harusi ili isiamke siku ya pili na madeni. Jibu langu ni kwamba bajeti ianze na idadi ya watakaokula, na ipangwe juu ya pesa zilizo mkononi tu. Katika ukoo wetu hapa Mombasa mimi ndiye ninayekabidhiwa daftari kila inapotokea shughuli, na nimeona kwamba wengi huanza kuharibikiwa siku wanapolipa arubuni ya ukumbi kabla ya kujua watawalisha watu wangapi. Arubuni ikishalipwa, ukumbi ndio unaoamua ukubwa wa harusi, na familia inabaki kuukimbilia.

Mpishi tuliyemzoea huhesabu kilo moja ya mchele kwa watu wanane na kilo moja ya nyama kwa watu watano anapopika biriani, na vitunguu huvitaka vikaribie uzito wa mchele, kwa sababu ndivyo vinavyobeba masala. Kwa kipimo hicho watu 300 wanahitaji takriban kilo 38 za mchele na kilo 60 za nyama. Ukikubali kuongeza watu 100 kwa kuwaonea haya jamaa, umeongeza kilo 12 na nusu za mchele, kilo 20 za nyama, mafuta, kuni, sufuria nyingine ya kukodi na pengine msaidizi mwingine wa mpishi. Upande wa wanaume, ambako kwetu watu hukaa wanne wanne, mimi huhesabu masinia badala ya vichwa: waalikwa 160 ni masinia 40, lakini sinia walilokaa watu watatu hupakuliwa sawasawa na la wanne, kwa hiyo huandika 45.

Kisha kuna chakula ambacho wageni hawakioni. Wako wazee na wagonjwa wasioweza kutoka ambao ni lazima wapelekewe, wako majirani waliofungua nyumba zao kuwalaza wageni, na wako vijana wanaogawa masinia tangu asubuhi bila kutia kitu tumboni. Hata wanawake wanaokuja kukata vitunguu usiku wa kuamkia shughuli wanahitaji chai, mahamri na nauli ya kurudi Likoni au Kisauni. Haya yote yasipoandikwa hutolewa kwenye sufuria ya wageni, na saa nane mchana mtu hutumwa Marikiti mbio, akanunue nyama kwa bei yoyote atakayotajiwa.

Orodha ya wageni, basi, iandikwe na pande zote mbili zikiwa zimekaa pamoja. Kwetu bado tunaalika kwa nyumba, na nyumba moja ya Majengo inaweza kuwa na watu watatu au kumi na watatu. Kuandika "nyumba ya Bi Fulani" bila kuweka idadi kando yake si hesabu. Mwenye kualika aambiwe wazi anaalika nani na kwa siku ipi, maana harusi ya Mswahili ina siku nyingi: kuna posa, kuna singo ya kumsugua bibi harusi kwa manukato na hina, kuna nikaha, kuna usiku wa wanawake ukumbini, na wengine wana shughuli nyingine baada ya hapo. Ushauri wangu ni kuchagua siku moja iwe ndiyo ya karamu, na siku nyingine zote ziwe za chai na kahawa nyumbani. Usiku wa ukumbini ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu jukwaa, mpambaji, mpiga picha na nguo za sare kila kimoja kina bei yake, na kila kimoja huamuliwa na mtu tofauti asiyejua mwenzake amekwisha kuahidi nini.

Kuhusu pesa zenyewe, tuseme familia inazo shilingi 400,000 taslimu. Mimi hutoa 40,000 kwanza, nikaziweka kando kwa mambo yasiyotarajiwa. Nusu ya zilizobaki, yaani 180,000, ni ya chakula, na ikiwa wageni ni 300 basi kila mgeni ana shilingi 600. Ikiwa bei za wiki hiyo haziruhusu, wa kupunguzwa ni wageni, au biriani igeuzwe pilau, akiba isiguswe. Ahadi za mjomba aliyeko Arabuni na za wanachama wenzetu wa chama cha kuchangiana huandikwa ukurasa wa pili, pamoja na vitu vitakavyonunuliwa iwapo zitatimia, kwa mpangilio: kwanza hiki, kisha kile. Mchango ukiingia kwenye M-Pesa, huandikwa kiasi kitakachobaki baada ya makato ya kutoa na kutuma, na ni bora utumwe kwa laini moja isiyochanganywa na matumizi ya nyumbani. Tuzo za ukumbini, yaani pesa wanazotunza wageni, nazo zisihesabiwe kabisa, kwani hakuna anayezijua mpaka zimetolewa.

Lipo jambo moja ambalo silikubali hata likitetewa na wazee, nalo ni kuchukua mahari ya binti kulipia ukumbi au chakula. Qur'ani katika Suratun Nisaa, aya ya 4, imeamuru wanawake wapewe mahari yao, na ni wao wanaoweza kuachilia sehemu yake kwa ridhaa ya nafsi zao. Binti anayeulizwa mbele ya mashangazi na mama wadogo waliokaa wakimtazama hana nafasi ya kusema hapana, na ridhaa ya namna hiyo mimi siihesabu kuwa ridhaa. Mahari isionekane popote katika daftari la harusi. Mwenye kuona kwamba bila mahari karamu itakuwa ndogo akumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdulrahman bin Auf afanye walima, yaani karamu ya harusi, ingawa kwa mbuzi mmoja.

Tarehe nayo ina bei. Watu wengi hukimbilia Shaabani ili wawahi kabla ya Ramadhani, wengine husubiri Idd ipite, na wengine Disemba shule zinapofungwa. Nyakati hizo kumbi, wapishi na wapambaji wazuri hushikwa mapema na hawapunguzi bei. Familia inayoweza kungoja miezi miwili au mitatu mbele hupata nafasi ya kuzungumza bei.

Mwisho wa daftari langu huwa na vipengele viwili ambavyo wageni hawatavisifu. Cha kwanza ni kusajili ndoa na kupata cheti, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, za Kiislamu zikiwemo, na cheti hicho kitaulizwa siku yatakapotafutwa makaratasi ya pasipoti au urithi. Cha pili ni kodi ya nyumba ya maharusi ya miezi mitatu, ambayo hulipwa kabla ya arubuni yoyote ya ukumbi. Wiki ileile ya harusi, masinia na sufuria za kukodi zikisharudishwa na mpishi akamaliziwa haki yake, hesabu isomwe mbele ya pande zote mbili, na chochote kilichobaki katika ile 40,000 wakabidhiwe maharusi wakaongezee kodi ya mwezi wa nne.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa