Maswali ya Wasomaji: Kitenzi cha Kiingereza na Mkia Wake

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu vile vitenzi vya Kiingereza vinavyoandamana na kijineno kama "up", "off" au "out", ambavyo hapa tutaviita vitenzi virai. Tumechagua maswali matano.

Swali: Najua maana ya "give" na ninajua maana ya "up", lakini niliposoma sentensi "She gave up smoking" sikuambulia chochote. Je, kuna kanuni ya kukisia maana ya maneno ya namna hii, au ni kukariri tu?

Jibu: Usijilaumu. Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1755, alikiri katika dibaji yake kwamba miungano hii ndiyo inayowatatiza wageni wa lugha hiyo kuliko mengine yote. Sentensi uliyoisoma inasema kwamba mwanamke huyo ameacha kuvuta sigara, na "give up" pekee, bila kutajiwa kitu kinachoachwa, humaanisha kukata tamaa. Zingatia msemo wetu huo wa kukata tamaa: hakuna kisu wala kitu kinachokatwa, na mgeni anayejifunza Kiswahili akiutafsiri neno kwa neno atakwama vilevile ulivyokwama wewe. Ndivyo ilivyo pia kwa kupiga pasi, kupiga mswaki na kupiga magoti.

Lakini si kukariri tu. Kiswahili hubadilisha maana kwa kuuchezea mkia wa kitenzi: anayehama anaondoka mahali na anayehamia anakwenda kukaa mahali, funga na fungua ni vitendo vinavyopingana ingawa mzizi ni mmoja. Kiingereza hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, ila kimeuacha mkia utembee kama neno linalojitegemea, na baadhi ya mikia ina mwelekeo unaotambulika. "Up" mara nyingi huashiria kitendo kilichofika mwisho wake: "eat up" ni kula ukamaliza, "use up" ni kutumia kitu hadi kikaisha, "dry up" ni kukauka kabisa, "tear up" ni kuchana vipande vipande. "Off" huelekea kwenye utengano: "cut off" ni kukatilia mbali, "take off" ni kuvua nguo na pia ni ndege kupaa kutoka ardhini, "call off" ni kufuta shughuli iliyokwisha kupangwa, na "put off" ni kuahirisha, yaani kuisogeza shughuli mbali na siku yake. Mwelekeo huo unakusaidia kukumbuka maana uliyokwisha kuithibitisha, lakini usiutegemee kubuni maana mpya, kwa kuwa utakuangusha: "fill in" na "fill out", zikitumika kwa fomu, zote mbili ni kujaza, ijapokuwa "in" ni ndani na "out" ni nje.

Swali: Niliandika "turn off it" nikasahihishwa kuwa "turn it off". Nikajirekebisha kwa kuandika "look it after", nikasahihishwa tena. Nifuate lipi?

Jibu: Vitenzi hivi viko katika makundi mawili, na umekutana na yote mawili kwa mpigo mmoja. Katika kundi la kwanza, ambalo "turn off" ni mfano wake, kitu kinachotendewa kinaweza kukaa baada ya kijineno au katikati: unaweza kusema "turn off the radio" au "turn the radio off", na zote mbili ni kuzima redio. Kitu hicho kikiwakilishwa na kiwakilishi kama "it", "him" au "them", hiari hiyo hutoweka na kiwakilishi lazima kikae katikati: "turn it off". Kiswahili nacho hukiingiza kiwakilishi ndani ya kitenzi, kama ile "i" ya tatu katika "niliizima", na wapo wanaoona kwamba mlinganisho huu unawasaidia kukumbuka, mradi wasiupeleke kwenye kundi la pili.

Katika kundi la pili kijineno hakibanduki kwenye kitenzi: "look after the child" ni kumtunza mtoto, na ukitumia kiwakilishi utasema "look after her". Humo wamo "look for", yaani kutafuta, "look into", yaani kuchunguza, na "come across", yaani kukutana na kitu bila kukitarajia. Miungano ya maneno matatu yenye kitu kimoja kinachotendewa, kama "put up with", ambayo ni kuvumilia, na "run out of", ambayo ni kuishiwa na kitu, nayo haikubali kiwakilishi katikati.

Tofauti hii inaonekana vizuri katika sentensi mbili zinazofanana kwa sura. "He ran up the hill" ni alipanda mlima mbio, na "up" hapo inahusiana na mlima. "He ran up a debt" ni alilimbikiza deni, na "up" hapo ni mali ya kitenzi. Ndiyo maana deni linaweza kuingia katikati, "ran it up", lakini mlima hauwezi.

Swali: Kamusi inasema "go off" ni kulia, kama kengele. Kisha nikasikia "The lights went off" ikitafsiriwa kuwa taa zimezimika. Inawezekanaje neno moja liwe kuanza na pia kukoma?

Jibu: Inawezekana kwa sababu maana inaamuliwa na mtenda. King'ora kiki-"go off" kinalia, bomu linalipuka, taa inazimika, maziwa yanaharibika, na mtu anaondoka zake. Usishangae sana, kwani sisi husema gazeti limetoka tukimaanisha kwamba sasa linaonekana, na doa limetoka tukimaanisha kwamba halionekani tena, na hakuna anayechanganyikiwa. Kwa bahati nzuri hapa lugha mbili zimekutana: "come out" ya Kiingereza inatumika kwa gazeti na kwa doa vilevile. Kwa hiyo usiandike katika daftari lako kwamba "go off" ni kulia. Andika "the alarm went off", kisha maana yake, na mistari miwili chini yake andika "the lights went off".

Swali: Rafiki yangu anasema "I cannot cope up with this work" na "I will pick you at six". Amekosea wapi?

Jibu: Mahali pamoja ameongeza kijineno na pengine amekipunguza. Kumudu jambo ni "cope with", bila "up". Nadhani kosa hili, ambalo ni la wengi, linatokana na mwangwi wa "keep up with", yaani kwenda sambamba na mtu au jambo bila kuachwa nyuma. Kumpitia mtu na kumchukua ni "pick up", kwa hiyo alipaswa kusema "I will pick you up at six". "Pick" pekee ni kuchagua au kuchuma, na msikilizaji makini anaweza kujiuliza amechaguliwa kwa ajili ya nini.

Swali: Nimenunua orodha ya vitenzi hivi iliyopangwa kwa alfabeti na nimekwama kwenye "break". Nianze na vingapi, na je, ninaweza kuvitumia katika barua rasmi?

Jibu: Iweke kando kwa sasa. Orodha ya namna hiyo hukuwekea "break down", "break in", "break out" na "break up" katika ukurasa mmoja, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya hakika ya kuvichanganya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007, uliotumia mkusanyiko wa matini za Kiingereza cha Uingereza wenye takriban maneno milioni 100, ulionyesha kwamba vitenzi 20 tu, vikiungana na vijineno 8, vinafanya takriban nusu ya vitenzi virai vyote vilivyomo humo. Anza na vile unavyokutana navyo mara kwa mara: "go on" ya kuendelea, "find out" ya kugundua, "pick up", "set up" ya kuanzisha, "turn down" ya kukataa au kupunguza sauti. Kila kimoja kinachochukua kitu kinachotendewa kitungie sentensi mbili, moja yenye nomino na nyingine yenye kiwakilishi, ili ujue papo hapo kimo katika kundi gani.

Kuhusu barua rasmi, wanaosema kwamba vitenzi hivi ni vya mazungumzo tu wanatia chumvi. Ni kweli kwamba "postpone" ni rasmi kuliko "put off", na "tolerate" kuliko "put up with", lakini "carry out" ya kutekeleza imejaa katika ripoti za kitaalamu, na kwa "grow up" ya mtu kukua hakuna kibadala kinachokaa vizuri. Katika barua yenyewe, ukimaliza kwa "I look forward to", kitenzi kinachofuata kichukue "ing": andika "I look forward to meeting you", wala si "to meet you", kwa sababu "to" hiyo ni sehemu ya kitenzi kirai kilichotangulia.