Usaili uliokuwa "put off": umefutwa au umeahirishwa?

SWALI: Mhariri, nimeandikiwa barua pepe: "The interview has been put off until Thursday." Mwenzangu anashikilia kwamba usaili umefutwa, nisijisumbue kwenda. Je, ni kweli? Na kwa nini "put off it" huhesabiwa kosa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Alhamisi nenda. "Put off" hapo ni kuahirisha. Usaili ungefutwa, wangeandika "called off". Tazama hiyo "until": kilichofutwa hakipangiwi siku nyingine. Ukikuta "put off by a week", usidhani wiki ndiyo iliyoahirisha. "By" hapo inapima muda, yaani kimesogezwa mbele wiki nzima.

Kuhusu "put off it", nomino ina uhuru wa kukaa popote: "put off the meeting" au "put the meeting off", zote sawa. Kiwakilishi hakina uhuru huo. Lazima kiingie katikati: "put it off", "put them off". Kitenzi kikifuata, kipe -ing: "She put off going to the dentist." Wengi wetu huandika "put off to go", kwa sababu Kiswahili husema "ameahirisha kwenda" na ile ku- hutuvuta kwenye "to". Wakati uliopita pia ni "put". (Neno "putted" lipo, ila ni la wacheza gofu, na hutamkwa tofauti.)

Mtu akikaa katikati, angalia muktadha, maana mambo hubadilika. "The smell put me off my food" ni harufu iliyokukata hamu ya kula. "Don't put me off, I'm counting" ni usinivuruge, nahesabu.

Linalotuponza zaidi Afrika Mashariki ni taa. Kiswahili huzima taa, moto na mshumaa kwa kitenzi kimoja, basi tunasema "put off the light", na kwetu tunaelewana bila shida. Kwenye mtihani, au ukimwandikia Mwingereza, tumia "turn off" au "switch off". Moto, mshumaa na sigara huzimwa kwa "put out". Ukiandika "put off the fire", msomaji wako atajiuliza moto umeahirishwa hadi lini.