Uliza Fundi: kabati linalobanduka rangi, kiti kinachocheza na kitanda cha mtoto cha mtumba

Barua za safari hii zimekua nyingi na karibu zote zinatoka kwa watu waliopata fanicha ya mtumba wakaipenda, sasa wanataka waibadilishe wenyewe nyumbani bila kumuita mtu. Mi nawaunga mkono kabisa. Mbao nyingi za zamani ni nzuri kuliko zinazouzwa mpya leo na inauma kuona zinatupwa. Ila nitawachosha kidogo na habari za kusafisha na kukwangua, maana huko ndo kazi nyingi zinapoharibikia, sio kwenye rangi.

SWALI: Shikamoo fundi. Nilinunua kabati la nguo la mtumba, kahawia, linang'aa. Nikalifuta vumbi nikalipaka rangi nyeupe ya maji mikono mitatu na lilipendeza kweli kila mtu alisifia. Sasa haujapita hata muda mrefu nikilikwaruza kwa kucha rangi inatoka vipande vizima kama ganda. Niliuziwa rangi feki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Rangi usiilaumu haraka. Ukiona inatoka vipande vizima, laini, na chini yake unaona ile kahawia ya zamani bado inang'aa vilevile, ujue rangi haikupata pa kushika. Kabati lililokaa kwa watu miaka mingi lina mafuta ya mikono, polishi na pengine moshi wa jikoni, alafu juu ya mbao kuna vanishi au rangi ya mafuta ambayo ni ngumu na laini kama kioo. Rangi ya maji ukiipaka hapo inakauka vizuri tu, inakudanganya, lakini inakua imekaa juu haijashikana na kitu.

Na kupaka mkono wa nne juu yake hakusaidii, kwasababu tabaka la chini likiachia linaondoka na yote yaliyo juu. Kwangua yote inayokubali kutoka, ndo kazi ilivyo, pole. Alafu toa milango, toa vitasa na bawaba weka kwenye kopo moja zisipotee (tafadhali usipake rangi bawaba, mlango utagoma na rangi itapasuka pale pale siku ya kwanza). Osha kabati lote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa cha maji safi, liache likauke kabisa.

Baada ya hapo ndo unapiga msasa, anza na namba 120 kisha 180. Huhitaji kufika kwenye mbao, unachotaka ni kuua ule mng'ao. Namna ya kujua umemaliza ni hii: zima taa ya juu, chukua tochi uiweke ubavuni mwa kabati mwanga upite juu ya uso wake kwa kulala, kila sehemu ambayo bado inametameta hujaigusa, na utashangaa maana mara nyingi ni kwenye kona na pembeni mwa vile vijifremu vya mlango, huko ambako rangi huwa inaanza kutoka. Rudia hapo kwa mkono. Futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kisha praima (ile rangi ya kwanza ya kushikiza rangi yenyewe), ile iliyoandikwa kwamba inashika kwenye sehemu laini. Ikikauka fanya jaribio kabla hujaendelea, kata alama ya X kwa wembe sehemu ya nyuma isiyoonekana, bandika selotepu ya karatasi uibonyeze vizuri alafu ivute kwa nguvu. Praima ikibaki kwenye kabati, endelea. Ikiondoka na selotepu, rudi kwenye msasa. Rangi yenyewe paka mikono miwili myembamba, katikati gusa na msasa namba 220 taratibu. Alafu subira, maana kukauka kwa kugusa ni masaa lakini kukomaa rangi ya maji ni wiki tatu mpaka nne. Kwa muda huo usiweke vitu vizito juu na milango usiifunge kwa kubana.

Na kitu kingine kwa wote, kama hujui rangi ya zamani ni ya maji au ya mafuta, chovya pamba kwenye spiriti usugue sehemu ndogo. Ikilainika na kuchafua pamba mara nyingi ni ya maji, isipotoka kitu ni ya mafuta.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina viti vinne vya mbao vya meza ya kulia, vyote vinacheza. Nimevipiga misumari, nikamimina gundi kwenye maungio, vinatulia siku mbili tatu vinaanza tena. Nifanyaje?

JIBU: Nzuri kaka. Msumari kwenye maungio ya kiti ndo unaokipasua, kwasababu kiti kinanyumbuka kila mtu anapokaa na msumari haunyumbuki. Ng'oa hiyo misumari yote kwa uangalifu. Na gundi uliyomimina ilikua inashika gundi ya zamani, sio mbao, gundi nyeupe ya mbao inatakiwa inywe ndani ya nyuzi za mbao ndo ishike.

Kwahiyo kiti kifungue chote. Andika namba kwa penseli kwenye kila kipande na kwenye tundu lake, mguu wa kushoto mbele na kadhalika, maana vinafanana ila havibadilishani. Kisha kwangua gundi ya zamani kwa kisu butu mpaka uone rangi ya mbao yenyewe, kwenye ulimi (ile ncha inayoingia kwenye tundu) na ndani ya tundu. Kama ni kiti cha kizamani sana gundi yake inaweza kua ile ya ngozi za wanyama, hiyo inalainika kwa maji ya moto tu wala usihangaike. Ulimi ukiwa umepungua na unaingia umelegea, uzungushie kipande chembamba cha mbao kilichopakwa gundi mpaka uingie kwa kusukuma kidogo.

Paka gundi pande zote mbili, unganisha, alafu bana. Huna klampu? Kata tyubu ya baiskeli kwa urefu upate mkanda, zungushia miguu ukivuta kwa nguvu, inabana vizuri sana kuliko kamba. Simamisha kiti kwenye sakafu iliyonyooka uangalie miguu yote minne imegusa kabla gundi haijashika, futa iliyovuja kwa kitambaa chenye maji, mtu asikikalie mpaka masaa 24 yapite.

SWALI: Stendi yangu ya tivii ni ya chipubodi, miguu ilikaa kwenye maji ikavimba. Naweza kuipiga msasa irudi?

JIBU: Hapana dada. Chipubodi ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, zikinywa maji zinatanuka gundi inaachia na hairudi tena. Kata sehemu yote iliyovimba mpaka ufike palipo pakavu na pagumu, ziba ukingo uliokata kwa gundi ya mbao mara mbili, weka miguu ya mbao au chuma chini. Stendi itabaki fupi kidogo lakini itakaa.

SWALI: Fundi, nimeona sofa la mtumba la watu watatu, umbo lake zuri sana ila kitambaa kimechoka na sponji zimelala. Jirani ananitisha habari za kunguni. Nichukue?

JIBU: Jirani yako anakutakia mema. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula, kwahiyo kusema sofa limekaa stoo muda mrefu sio kinga. Nenda mchana na tochi. Toa mito, fungua mishono kwa vidole, angalia kwenye mikunjo na kwenye zipu, alafu lipindue sofa uchungulie kile kitambaa chembamba cha chini, ambacho watu wengi hawakigusi kabisa. Unatafuta vidoa vidogo vyeusi kama vimewekwa kwa ncha ya kalamu, maganda ya njano mepesi au mdudu mwenyewe. Ukiona hata kimoja liache, hata kama ni bure, sofa moja linaweza kuleta shida nyumba nzima.

Likiwa safi angalia mifupa yake. Nyanyua kona moja ya mbele kama sentimita 15 kutoka chini, mguu wa pili wa mbele nao unatakiwa uanze kunyanyuka. Ukibaki chini wakati huu uko juu basi fremu imelegea au imevunjika mahali. Fremu nzima ndo inayostahili pesa yako, vingine vyote vinabadilika.

Sponji uliza uzito wake, ya kukalia chukua isiyopungua kilo 30 kwa mita moja ya ujazo, nyepesi zaidi ya hapo itakua imelala tena muda si mrefu. Kitambaa cha zamani usikichane ovyo, kitoe kipande kwa kipande ukipiga picha kila hatua, maana vipande hivyo ndo vipimo vyako vya kukatia kipya. Anza kubana katikati ya kila upande ukielekea kona, ukianzia kona kitambaa kitakuja na makunyanzi na hakuna namna ya kuyatoa.

SWALI: Shikamoo. Natarajia mtoto wa kwanza, shangazi kanipa kitanda cha mtoto cha zamani sana, cha mbao, rangi inabanduka. Nataka nikipige msasa nikipake rangi mpya mwenyewe kabla sijajifungua.

JIBU: Marahaba, hongera sana na Mungu akujalie. Ila msasa usiushike wewe, tafadhali. Rangi za zamani nyingi zilikua na madini ya risasi, Marekani kwa mfano zilipigwa marufuku kwenye nyumba mwaka 1978 na nchi nyingine zilichelewa zaidi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kua salama. Inaathiri ubongo wa mtoto, na mama mjamzito akivuta vumbi lake inamfikia aliyeko tumboni. Ukikipiga msasa mkavu unageuza rangi kua vumbi linaloingia kwenye mapazia, kwenye nguo, kila mahali. Na mtoto akiota meno atatafuna ule ukingo wa juu, wote wanafanya hivyo.

Alafu kuna umbo lenyewe. Pima nafasi kati ya fito na fito, isizidi sentimita 6, ikizidi mwili wa mtoto unaweza kupita kichwa kikakwama. Na kama ubavu mmoja unashuka na kupanda, aina hiyo Marekani ilizuia kuuzwa kwake tangu 2011 kwasababu watoto walikua wananaswa na kufa. Kwa hali hiyo, kitanda cha zamani sana chenye rangi inayobanduka mi nakushauri usimlazie mtoto kabisa. Najua ni zawadi na shangazi kaitoa kwa upendo. Mweleze kwa heshima sababu yenyewe, ataelewa.

SWALI: Meza ya bibi yetu ni ya mbao ngumu nyekundu, ina maduara meupe ya vikombe na doa moja jeusi. Mi nataka niipake nyeupe, mama hataki hata kusikia. Tuamue vipi?

JIBU: Niko upande wa mama, na sio kwa heshima tu. Maduara meupe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, mbao chini yake ni nzima. Weka kitambaa kikavu cha pamba juu ya duara, pitisha pasi ya moto mdogo sekunde chache, nyanyua uangalie, rudia. Mara nyingi linafifia ukiliangalia. Doa jeusi ni jambo lingine, hapo maji yalishafika kwenye mbao yakakutana na chuma, hilo litahitaji kuondoa vanishi na kutumia asidi ya oksaliki (dawa ya kung'arisha mbao), ukivaa glavu na miwani na kusuuza vizuri.

Safisha kwanza, toa maduara, kaa nayo mwezi. Ikiwa bado mnataka nyeupe, fahamuni kwamba mbao nyekundu ngumu inatoa rangi yake, nyeupe yenu itageuka ya pinki au njano isipozibwa na praima ya shelaki (utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti). Na siku mkibadili mawazo kuitoa rangi nyeupe kwenye vinyweleo vya mbao ile ni kazi ngumu sana. Mkichagua kuilisha mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) badala ya rangi, vitambaa mlivyotumia msivikunje mkavitupa, vinajipasha moto vyenyewe vikawaka. Vitandazeni nje vikauke au vitumbukizeni kwenye ndoo ya maji.

SWALI: Mi mpangaji, chumba kimoja, mwenye nyumba hataki kupaka rangi ukuta wala kutoboa. Chumba kinanichosha, giza na kimejaa. Kuna cha kufanya?

JIBU: Kipo dada. Kama ukuta hauruhusiwi, rangi yako ihamie kwenye fanicha, stuli moja na kabati dogo vikiwa rangi moja ya kukolea chumba kinabadilika kabisa. Kabla hata ya hapo toa kila kitu kilichoziba dirisha, mara nyingi ni kitanda au kabati, na kioo kikubwa kiegemeze ukuta unaolitazama dirisha. Taa nayo angalia namba kwenye balbu, iliyoandikwa 6500K ni nyeupe ya bluu kama ya ofisini, 2700K ina umanjano inatuliza macho usiku. Weka mbili ndogo chini kwenye pembe badala ya moja kali juu.

Kabati refu tu ndo sitaki lisimame bila kufungwa, hasa kama kuna mtoto anayeingia humo ndani, droo zikivutwa zote linaanguka mbele. Mwombe mwenye nyumba tundu moja la kulifungia, mweleze ni la nini na kwamba utaliziba siku ya kuhama, na akikataa kabisa badilisha hilo kabati kwa fupi.