Jibu: Shina la maharagwe ni giza tupu kwenye hadubini

Habari, mwalimu wa Kisumu. Umesema umekata shina la maharagwe, ukalitazama kwa hadubini, na unachoona ni giza lenye viduara vyeusi. Kabla hujalaumu lenzi, angalia unene wa kipande. Mwanga unatoka chini na lazima upenye. Kipande kinene kama sarafu hakipitishi kitu.

Mimi hapa Nakuru nilihangaika hivyo hivyo muhula mzima, nikikata kwa kisu cha jikoni! Siku hizi natumia wembe mpya. Shina changa nalibana ndani ya karoti iliyopasuliwa, nalowesha wembe, kisha nauvuta mara moja, si kwenda na kurudi kama msumeno. Nakata vipande kumi, kumi na tano hivi, navitia kwenye kisahani cha maji, nachagua kile chembamba kama ngozi ya kitunguu. Kikitoka nusu duara usikitupe. Mara nyingi ukingo wake ndio mwembamba kuliko vyote.

Hivyo viduara vyenye ukingo mweusi ni hewa. Teremsha kifuniko cha kioo kwa mshazari, polepole, ukikishikilia kwa sindano. Anza na lenzi ya 4x.

Usiku wa kuamkia siku ya kukata, simamisha shina kwenye maji yenye rangi nyekundu ya chakula: zailemu, yaani mirija inayopandisha maji, itajitokeza yenyewe. Kwa maharagwe, mafungu ya mishipa hujipanga mduara. Ukikuta yametapakaa, basi umekata mahindi. Safranini, ile rangi ya maabara ya kupaka vipande, sijawahi kuitumia, hapo wengine watakujibu.