Tofali la zamani halitaki saruji

Dada, unasema nyumba ya shamba mliyonunua Norfolk, Uingereza, inabanduka matofali upande wa kaskazini, na fundi anataka kujaza viungo vya matofali kwa saruji. Tafadhali mzuie.

Ukuta huo hauna uwazi katikati kama wa nyumba za siku hizi. Utazame kwa karibu: kama katika kila kozi, yaani kila mstari wa matofali, tofali moja limelala kwa urefu na linalofuata linaonyesha kichwa, vichwa hivyo ndivyo vinavyoingia ndani kuufunga ukuta. Ni mpangilio wa Kiflemi, uliopendwa sana Uingereza karne ya 18. Ukuta wa namna hii hunyonya mvua, kisha huitoa kupitia chokaa laini ya viungoni. Saruji huziba njia hiyo. Maji hubaki kwenye tofali, na yakiganda wakati wa baridi, uso wake hupasuka. Nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, ingawa huko hakuna barafu, nazo zimeumizwa na saruji inayonasa unyevu ukutani.

Mkikuta madirisha yaliyozibwa, msikimbilie kuyafungua. Huenda yalizibwa kukwepa kodi ya madirisha, iliyotozwa kwa idadi ya madirisha ya nyumba (1696 hadi 1851), ila mengine yalijengwa hivyo tangu mwanzo ili uso wa nyumba ulingane.

Kwanza kabisa, angalieni orodha ya majengo yanayolindwa ya Historic England, taasisi ya majengo ya kihistoria. Nyumba ikiwamo, kubadili sura yake bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Halafu tafuteni mwashi anayeijua chokaa, na viungo avikwangue kwa mkono. Mashine ya kukatia hula kingo za tofali, na hazirudi tena.