"Akashukia kuzimu": ni kule motoni?

SWALI: Nafundisha watoto wa Kipaimara katika kigango kimoja huku Ndanda. Tulipofika kwenye Kanuni ya Imani ya Mitume, pale "akashukia kuzimu", binti mmoja akauliza: "Yesu alikosa nini hata apelekwe motoni?" Nilikwama. Je, kuzimu na jehanamu ni mamoja? (Katekista, Masasi)

JIBU: Katekista, mpongeze binti huyo. Amelisikia neno kama linavyosemwa mitaani, ambako kuzimu kumekwisha kuwa jina jingine la motoni. Katika Kanuni ya Imani sivyo.

Litazame neno lenyewe. Ku- hiyo ni ya mahali, ile ya kule na huku. -Zimu ni ile ya mzimu na mizimu. Kuzimu basi ni kwenye roho za waliokufa, wema kwa waovu. Adhabu haimo ndani ya neno. Wanyanja, wa kule Malawi, wanalo shina hilohilo, na kwao Roho Mtakatifu huitwa Mzimu Woyera! Mtu wa Mikindani akiambiwa hivyo atashtuka, maana kwetu mzimu umebaki na kitisho, na nadhani kitisho hicho ndicho kilichoambukiza kuzimu.

Watafsiri wa Biblia walilitumia kwa Sheoli ya Kiebrania na Hadesi ya Kigiriki. Soma Mwanzo 37:35: Yakobo, akimlilia Yusufu, anasema atamshukia mwanawe kuzimu. Mzee yule hakudhani kipenzi chake yuko anaungua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 633, inafundisha kuwa wafu wote, waovu na wenye haki, walikuwa huko wakimngoja Mkombozi, ingawa hali zao hazikuwa sawa. Yesu alishuka kuwafungulia wenye haki. Hilo ndilo jibu la binti.

Jehanamu ni habari nyingine. Neno limetufikia kwa Kiarabu, na asili yake ni Kiebrania: bonde la Hinomu, kando ya Yerusalemu, ambako watoto walichomwa kuwa sadaka. Hilo ndilo neno la adhabu ya mwisho, kama katika Mathayo 10:28. Na Ufunuo 20:14 inasema Mauti na Kuzimu zilitupwa katika ziwa la moto. Kama kuzimu kungekuwa ndiko motoni, kungetupwa wapi?

Luka 16:23 inatatiza, sikatai. Tajiri wa mfano wa Lazaro yuko kuzimu na anateswa. Hapo neno limeegemea upande wa mateso, na wahubiri wengi wamelishika hapo tu.

Wanafunzi wako wasiandike "kuzimuni": ku- imekwisha kutaja mahali, -ni ya nini tena? Wala ahera wasiifanye moto. Hapa kwetu Kusini, Mwislamu au Mkristo akisema marehemu ametangulia ahera, amesema ameondoka duniani, basi, hajamhukumu.