Kutestia TV ya kichogo: usinunue memori kabla hujajua picha yako inajirudia vipi

Kuna swali naulizwa sana na vijana wanaojifunza ufundi, eti kaka nataka nitengeneze kidude cha kutoa picha za kutestia TV, nichukue chipu yenye memori kiasi gani? Na mimi huwa nawarudishia swali, unataka kutoa picha gani? Wengine wanakereka kidogo lakini ndo ukweli, bila kujua picha huwezi kujua memori.

Kwa wasiojua kwa nini tunahangaika na hivi vitu mpaka leo: Dar analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, lakini vichogo havijaisha mtaani, vinaendelea kula king'amuzi kwa waya wa AV, na vikiharibika vinaletwa kwa fundi. Sasa king'amuzi kinakupa mpira na tamthilia, hakikupi mistari iliyonyooka, na bila mistari huwezi kuseti upana na urefu wa picha vizuri, utabaki unakisia tu kwa sura ya mtangazaji.

Haya, hesabu. PAL, yaani mfumo wa picha wa TV zetu za analojia, ina mistari 625, kila mstari mikrosekunde 64, na kati ya hizo kama 52 ndo zinabeba picha. Inayoonekana ni 576. Mtu akishika hapo anapiga 720 mara 576, baiti moja kila nukta, anapata 414,720, halafu anaangalia Raspberry Pi Pico (kibodi kidogo chenye chipu ya kuprogramu) ina memori ya kilobaiti 264 anakata tamaa, au anaangalia Arduino Uno, kibodi kingine cha aina hiyo, yenye kilobaiti 2 anacheka kabisa. Ila hapo amehesabu kama vile anataka kuhifadhi picha ya harusi! Picha ya kutestia inajirudia. Nguzo nyeupe na nyeusi, mstari wa kwanza na wa mia tano ni kitu kilekile, kwa hiyo unaweka mstari mmoja kwenye memori na unautoa tena na tena. Ukitoa nukta kwa kasi ya megahezi 13.5 (milioni 13.5 kwa sekunde) mstari mzima pamoja na palsi ya sinki, ile ishara ya kuiambia TV mstari mpya unaanza, ni nukta 864, yaani baiti 864, ongeza aina chache za mistari ya sinki ya wima (ya kuiambia TV irudi juu), hata kilobaiti 6 hufiki. Vyumba vya draft ni mistari ya aina mbili. Mistari ya msalaba nayo ni aina mbili. Hata duara, ambalo ndo watu wanaliogopa, huhitaji kulichora lote, kila mstari unahitaji kujua tu ukingo unaanzia wapi na unaishia wapi, robo moja inatosha, zilizobaki unageuza kulia kushoto na juu chini. Mistari 288, namba mbili za baiti mbilimbili, basi, baiti 1,152.

Upana nao watu wanaukuza bure. Video ya PAL huku kwetu inapitisha kama megahezi 5, na kwa mikrosekunde 52 hiyo ni nukta 520 hivi upana mzima, ukizidisha hapo unajifurahisha mwenyewe. Ndo maana mstari wa wima wenye unene wa nukta moja kwenye 13.5 unatoka umefifia, weka tatu. Na wa kulala uwe na unene wa mistari miwili, maana TV inachora mistari ya witiri (1, 3, 5) kwanza halafu ya shufwa (2, 4, 6), ukiweka mmoja unaonekana mara 25 tu kwa sekunde na unatetemeka, mteja atadhani TV yake ndo mbovu.

Uno yenyewe kwa 16 MHz ina jambo zuri, mikrosekunde 64 ni mizunguko 1,024 kamili, huna desimali ya kukusumbua. Rizista mbili, omu 1,000 kwenye pini ya sinki na 470 kwenye pini ya picha, ukiunga kwenye TV yenye omu 75 unapata volti 0.3 kwa nyeusi na karibu 0.95 kwa nyeupe. Hicho kwa kuseti ukubwa na unyoofu kinatosha sana tu.

Ukitaka ngazi za kijivu ndo inabidi ufikirie kila nukta uitoe kwa biti ngapi, na kumbuka sinki inakula sehemu yake. Biti 4 ni viwango 16, lakini toa volti 0.3 za chini unabaki na kama 11 vya picha. Ngazi 8 zinaingia, ila kijivu kinachopanda polepole kitatoka na michirizi, hapo nenda biti 8.

Rangi sasa ndo kazi yenyewe. Wimbi la rangi la PAL ni hezi 4,433,618.75 na haliingii sawasawa kwenye mstari, kwa hiyo mstari mmoja wa kurudia hautoshi, rangi zitakataa. Ukifuata kitabu neno kwa neno, mzunguko unajirudia baada ya fremu 4, na kwa kasi mara nne ya wimbi hilo ni baiti 2,837,516. Nani ana hizo? Mimi nafanya hivi: natumia kristali (kipande kinachotoa mapigo ya saa ya chipu) ya megahezi 17.734475, kila mstari nauhesabia nukta 1,135 kamili, hapo mzunguko unajirudia kila mistari 4, baiti 4,540 tu. Mistari inakuwa 15,625.09 kwa sekunde badala ya 15,625, TV haioni tofauti. Kinachobadilika ni vile vidoto kwenye kingo za rangi, vinaonekana zaidi kidogo, na kwa kazi ya mezani havina shida.

Ila ukifika mwisho wa fremu usianze upya mstari wa kwanza kati ya ile minne, endelea na hesabu ulipofikia, 625 haigawanyiki kwa 4.